Maji yamesimama mita ngapi?

Wateja wangu wengi wanakijua kisima chao kwa bei. Watakutajia sevei waliilipia kiasi gani, wachimbaji walitoza vipi kwa mita, pampu ilinunuliwa duka lipi pale mjini, na paneli za sola ziko ngapi juu ya bati. Ukiwauliza maji yamesimama mita ngapi kutoka juu, kimya. Wengine wanamtuma mtoto ndani akalete karatasi za wachimbaji. Karatasi inakuja ina harufu ya kabati, na kweli kina cha maji kimeandikwa, ila ni cha siku ile kisima kilipomalizika. Tangu hapo hakuna aliyepima tena.

Kazi yangu ni kunyanyua na kushusha pampu za visima. Nakaa Moshi, lakini siku nyingi nipo huku tambarare: Mabogini, Chekereni, Kahe, na barabara ya Himo kuanzia Uchira hadi Njiapanda. Mara mojamoja naitwa Arumeru na fundi mwenzangu wa Usa River, pampu ikiwa nzito kwa mtu mmoja.

Siku ya kunyanyua, mabomba yakitoka tunayalaza kwenye majani kwa mpangilio wake. Hapo ndipo kisima kinasomeka. Ya juu huwa makavu, rangi yake ileile ya dukani, labda na utando wa buibui. Ya chini kabisa yamevaa ute wa kahawia unaoteleza mkononi, maana hayajawahi kutoka majini. Katikati kuna kipande chenye mistari mistari, mmoja juu ya mwingine, kama chumvi iliyokaukia kwenye shati la mbeba zege. Hicho ndicho kipande ambacho maji hupanda na kushuka kila siku: mstari wa juu ni asubuhi kisima kikiwa kimelala, wa chini ni jioni baada ya kuvutwa kutwa nzima. Kikiwa mita mbili tatu sina wasiwasi. Kikiwa kirefu, halafu kinaishia palepale kwenye mdomo wa pampu, najua mwenye kisima alikuwa anavuta hewa siku nyingi kabla ya kunipigia simu.

Na pampu yenyewe inaongea. Iliyouawa na umeme mbovu inanuka vanishi iliyoungua, lakini upande unaosukuma maji ni mzima. Iliyouawa na ukavu, impela za plastiki, yale mapanga yanayosukuma maji, zimeyeyuka zikagandana, shafti huizungushi hata kwa spana.

Mzee mmoja wa Uchira alinikalisha chini ya mwembe wake nikiwa nimeshika pampu ya namna hiyo. "Fundi, si uishushe tu mita sita zaidi?"

"Mzee wangu, zimebaki nne. Chini ya hapo ni mchanga."

"Basi tuwaite wachimbaji waendelee. Maji si yapo tu huko chini?"

Hilo neno nalisikia kila mahali. Maji yapo tu. Nilimwomba tukiache kisima kilale, nirudi alfajiri na dipa. Dipa, kwa asiyeijua, ni waya ulioandikwa mita, umeviringishwa kwenye gurudumu, ncha yake ikigusa maji inalia pii. Asubuhi ile ililia mita tisa juu ya pale maji yalipokuwa jana yake jioni. Maana yake kisima hakikuwa kimekauka. Kilikuwa kinavutwa kuliko kinavyojaza. Mwamba wake unaachia kama lita 2,000 kwa saa, na dukani walimuuzia pampu ya lita 5,000 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Tukaweka ndogo, inafanya kazi saa nyingi zaidi kwa upole, tanki linajaa vilevile. Wachimbaji hawakuitwa.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kila kisima kina vina viwili: maji yakiwa yametulia, na maji pampu ikiwa inavuta. Tofauti ya hivyo viwili, na muda yanaochukua kurudi ukizima, vinakuambia kisima kinaweza kutoa nini bila kuumia. Kwa kisima cha watu wengi unavuta saa 24 mfululizo ukipima, unazima, unaendelea kupima yakipanda. Visima vya watu binafsi vingi nilivyokutana navyo vilijaribiwa kwa saa mbili tatu, tena mwezi wa tano, masika imetoka kumwagika na ardhi imeshiba. Hapo hata kisima kibovu kinafaulu. Mimi ningependa majaribio yote yafanyike mwezi wa pili au wa kumi, ila najua kiangazi ndiyo kila mtu anataka maji leo, si vipimo.

Sasa, hayo maji yanatoka wapi? Ukiuliza vijiweni Moshi, watu wanakuonyesha theluji. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni nzuri kwa picha, ila mchango wake kwenye mito na chemchemi zetu ni mdogo mno. Kinachotulisha ni mkanda wa msitu. Upande huu wa kusini, msitu wa mita kama 2,000 kutoka usawa wa bahari unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, bado ukungu unaonaswa na majani na ndevu za miti. Moshi mjini tunapata kama 900, na ukishuka Kahe zinapungua tena. Maji ya msituni yanazama kwenye mawe ya volkano yenye nyufa na matundu, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea huku kwenye chemchemi: Njoro, Miwaleni, na Chemka ya Rundugai ambayo watalii wanaandikiwa ni ya moto halafu wakitumbukia wanapiga kelele za baridi.

Kama unataka ushahidi wa karibu, nenda msitu wa Rau, dakika chache tu kutoka stendi. Ile mivule haiishi kwa mvua ya Moshi. Mvua ya Moshi haitoshi kulea msitu wa namna ile. Inaishi kwa sababu maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi pale. Msitu mzima umesimama juu ya maji yaliyotoka mlimani, na ndiyo maana mimi nikisikia mtu wa tambarare anasema habari za hafu maili na hifadhi ni mambo ya watu wa juu, huwa namuuliza kisima chake anadhani kinanyeshewa na nini. Hafu maili, ule ukanda uliotengwa 1941 ili wananchi wapate kuni na miti bila kuingia msitu mkubwa, ukikatwa ovyo anayelipa ni mtu wa mpunga wa Chekereni.

Watu wa mlimani walijua kugawana maji zamani sana. Mifongo, ile mitaro ya kuleta maji kutoka mlimani, ilikuwepo kabla ya Mjerumani. Mfongo una wazee wake, una zamu zake, leo ukoo huu, kesho ule, na asiyetokea siku ya kuzibua alitozwa mbege, pombe ya ndizi. Ulifanya kazi kwa sababu maji ya mfongo yanaonekana. Jirani akiyachepusha usiku, asubuhi wewe unakuta mtaro mkavu, unapanda nao hadi unamfikia. Kisima hakina hicho. Mtu anachimba ndani ya ukuta wake, geti limefungwa, anavuta anavyotaka, na wewe uliye mita 150 kutoka kwake unaona tu koki inakohoa. Hata haikuingii akilini kwamba ni yeye, wala yeye hajui.

Kwenye karatasi, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeshalisema: maji yote ni mali ya umma, ya juu ya ardhi na ya chini, na ukiyachimba kwa matumizi makubwa unahitaji kibali cha bonde. Kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zake ziko hapahapa Moshi, bodi ya kwanza ya bonde nchini, tangu 1991. Mchimbaji naye lazima awe na leseni. Lakini nikiuliza kibali kwa mteja mwenye ekari tatu za nyanya, mara nyingi naonyeshwa risiti ya pampu.

Halafu ikaja sola. Mimi sola inanilisha, sitaisema vibaya. Vijiji vilivyokuwa vinachangishana dizeli sasa vinapata maji bila kugombana na mweka hazina. Ila dizeli, kwa ubaya wake wote, ilikuwa inazuia. Mtu alivuta kile alichoweza kununua. Sola jua likitoka inavuta, na ikiwa floti, kile kifaa cha kuzima pampu tanki likijaa, imekufa inaendelea kuvuta huku tanki linamwagikia kwenye migomba. Nimeingia kwenye mradi mmoja wa kijiji saa nane mchana, dimbwi chini ya tanki limeshaota magugu ya majini, bata wanaogelea. Mhudumu akaniambia, "Si bure, fundi?" Na wiki chache nyuma watu walipanga foleni ya ndoo asubuhi kwa sababu kisima kilikuwa kimeshuka. Vyote viwili kwa kisima kimoja.

Kuna kijiji huku tambarare, sitakitaja kwa kuwa mambo yao bado hayajaisha, ambako tulianza daftari. Daftari la kawaida la shule. Safu ni chache: tarehe, kina asubuhi kabla ya kuwasha, kina saa kumi jioni, saa za kuvuta, na namba ya dira ya maji. Anayeandika ni dada mhudumu wa pampu. Dipa ya dukani ilikuwa ghali kwao, kwa hiyo nilimtengenezea ya kwetu: kipande cha bomba la chuma, juu kimezibwa, chini kiko wazi, kimefungwa kwenye futi kamba ya fundi ujenzi. Kikigonga maji kinatoa sauti, pwa! Ukishaizoea huwezi kuikosea. Wenyeviti wa vitongoji walicheka siku ya kwanza. Mmoja aliniuliza kama tunavua samaki.

Daftari lilianza kusema vitu baada ya msimu kupita. Kwanza, kisima chao hakipandi mvua inaponyesha. Masika inaisha, watu wanavuna, ndipo maji yanaendelea kupanda taratibu, yanasimama, yanaanza kushuka hadi mwezi wa pili yanakuwa chini kabisa. Kwa hiyo kulinganisha mwezi wa sita na wa pili ni kudanganyana; unalinganisha mwezi wa pili na mwezi wa pili wa mwaka jana. Pili, kulikuwa na siku kina cha asubuhi kinakuwa kibaya bila sababu, usiku pampu ya kijiji ilikuwa imezimwa. Dada akaanza kuweka alama ya nyota kwenye siku hizo. Nyota zikaonekana zinaangukia siku za jirani mmoja kumwagilia. Ana kisima chake, umeme wa gridi, nyanya.

Tulimwendea kwa heshima, mimi, mwenyekiti na mama mmoja mjumbe wa kamati ambaye ni shangazi yake. Hakufukuza mtu. Alisema kisima chake kina kibali cha Mungu, tukacheka, tukamwomba kitu kimoja: siku moja kijiji kizime kabisa, yeye awashe, aje asimame nasi kwenye kisima cha kijiji. Akaja. Dada akashusha kamba saa tatu, pwa, akaandika. Saa tano, akaandika. Saa nane kamba ilikuwa imeongezeka zaidi ya mita moja, na koki yetu haijafunguliwa tangu jana. Yule bwana akaomba kamba aishike mwenyewe. Akashusha, akasikiliza, akapandisha, akashusha tena.

"Kwa hiyo nikimwagilia nawakausha nyie."

Shangazi yake akamjibu, "Na sisi tukijaza tanki tunakukausha wewe. Usijifanye mkubwa."

Wazee wakapanga zamu, ya mfongo kabisa, siku zake na siku zetu, na yeye akakubali kumwagilia kwa mipira ya matone badala ya kufurisha matuta. Ilikwenda vizuri mpaka bei ya nyanya ilipopanda kiangazi kilichofuata. Hapo nyota zilirudi kwenye daftari. Kamati imemwita tena, safari hii na daftari mezani. Sijui itaishia wapi, ila angalau wanagombana juu ya namba.

Upande wa fedha, kijiji kile wanalipa shilingi 50 kwa ndoo na kuna manung'uniko kila mkutano. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kwamba wananchi wamiliki mradi na walipie uendeshaji, na tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianzishwe mwaka 2019 vyombo vya maji vya jamii vimesukwa upya. Mimi naona hamsini ni halali. Pampu haina upendeleo, ikifika siku yake inakufa, na mfuko ukiwa mtupu mradi unakufa nayo. Wizara ilipovihesabu vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kila kumi vilikuwa havitoi maji. Sehemu yake ni ukame. Lakini nimefungua pampu za mkono za Nira zilizosusiwa mwaka mzima kwa kukosa kifaa cha mpira kinachoingia mfukoni, na kijiji kizima kinasema "maji yalikauka".

Arumeru ni habari nyingine, na naieleza kwa sababu kuna watu wa Moshi wanadhani dawa ya kisima dhaifu ni kuchimba zaidi popote pale. Kuzunguka Mlima Meru ukipata maji mengi bado hujapata maji. Kuna floridi. Miamba ya volkano ile inaitoa, na maji yakikaa nayo muda mrefu yanaibeba kwa wingi. Wanasayansi walipopima umri wa maji ya visima virefu vya Arusha, sehemu yake walikuta yamekaa chini zaidi ya miaka elfu moja. Fikiria unavuta kwa mchana mmoja kitu kilichowekwa kabla ya babu wa babu zako. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai, King'ori na Ngarenanyuki yametokana na hayo maji, na kwa wengine mifupa imepinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na kabla ya hapo 8 kwa vijijini, kwa kuwa kuikaza kungeacha vijiji vingi bila chanzo chochote. Siku hizi kiwango chetu nacho ni 1.5.

Akina mama wengine kule wanachemsha wakidhani wanaitoa. Kuchemsha kunaua vijidudu; floridi inabaki, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani inakolea kidogo. Kinachoitoa ni vitu kama mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Wizara pale Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi, au kuchanganya maji ya kisima na ya chemchemi yenye floridi ndogo. Nimeshusha pampu huko kwenye kisima cha lita nyingi ajabu, wachimbaji wamepiga picha wanakumbatiana, majibu ya maabara yakaja, kikaishia kumwagilia maua. Kwa hiyo nikiwa Arumeru swali langu la kwanza ni majibu ya maabara. La pili ndiyo lile la mita.

Kwa anayetaka kuanza kupima, usingoje dipa wala mradi. Siku fundi anashusha pampu yako, mwambie ashushe na bomba jembamba la plastiki pembeni ya bomba kubwa, lifungwe pamoja nalo, liishie mita moja juu ya pampu, chini litobolewe matundu na juu liwekewe kifuniko watoto wasitupie mawe. Gharama yake haifiki robo ya kunyanyua pampu mara moja. Bila hilo bomba, kamba itajisokota kwenye waya wa umeme na utaniita nije kuikata. Na chukua la inchi moja. La nusu inchi bei yake ni rahisi, nimeliweka kwa wateja wabishi, lakini kile kipande cha chuma hakipiti kwenye maungio.